Mwanafunzi wa uzamili akishalipa ada, nani anamlipia utafiti?

Mhariri,

Kila dirisha la mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa, magazeti yetu hujaa habari za vijana waliomaliza kidato cha sita, na ni haki yao. Naomba nafasi niwasemee wengine ambao hawaandikwi sana: watumishi na wahitimu wanaohangaika kupata fedha za kusomea shahada ya uzamili.

Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma. Nachapa, natoa kopi, naskani vyeti, nabaindi tasnifu, na mtu ambaye intaneti inamsumbua namjazia fomu yake ya mtandaoni. Walimu kutoka Kasulu na Buhigwe, wauguzi, maafisa kilimo na maafisa uvuvi wanapita kwangu. Makaratasi yao nayaona tangu barua ya kumwomba mwajiri ruhusa ya masomo mpaka ukurasa wa mwisho wa tasnifu, kwa wale wanaojaliwa kuufikia.

Wapo wengi wasioufikia. Watu husema kinachowashinda ni ada. Mimi ninavyowaona, ada mtu huipigania. Atacheza upatu, atakopa benki kwa dhamana ya mshahara, atakiomba chuo alipe kwa awamu. Mwingine anachagua Chuo Kikuu Huria, ambacho tangu kianzishwe mwaka 1992 kimewawezesha watu kusoma bila kuacha kazi. Mwaka wa masomo ya darasani unakwisha, mitihani amefaulu, nyumbani wameshaanza kumpongeza. Kisha inafika zamu ya utafiti, na hapo hakuna aliyemwandalia hata senti.

Kuna afisa uvuvi mmoja, kijana makini sana, aliyeniletea andiko lake la utafiti nilichape. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na kila mtu wa Kigoma anajua miezi ile ilivyokuwa kwa wavuvi, kwa kina mama wanaoanika dagaa na kwa sisi wanunuzi. Yeye alitaka kupima dagaa na migebuka wanaotua kwenye mialo, yaani sehemu za ufukweni boti zinaposhusha samaki, aone ukubwa wao unabadilikaje ziwa likifungwa na likifunguliwa. Mimi si mtu wa samaki, lakini nilipokuwa nachapa nilijiambia kwamba hili ni swali la mji mzima.

Ukurasa wa bajeti ndio uliotuchosha. Kulikuwa na mafuta ya boti ya kwenda vijiji vya kusini upande wa Uvinza, barafu ya kuhifadhia sampuli, mizani ya kidijitali, posho ya wasaidizi wawili, kopi za dodoso. Alirudi akasema, mama, ondoa boti. Nikaondoa, na vijiji vyote vya kusini vikaondoka nayo. Akarudi tena, tukaondoa wasaidizi. Mwishowe ukabaki mwalo mmoja tu, Kibirizi, kwa kuwa huko anaweza kwenda kwa miguu baada ya kazi. Msimamizi wake akalirudisha andiko akisema sampuli haitoshi, na kitaaluma nadhani alikuwa sahihi. Kijana ameliweka kando. Chuo alichosoma, ambacho sitakitaja, kinaendelea kumdai ada kwa kila mwaka anaochelewa.

Mtu atauliza kwa nini asikope. Hesabu yake naijua kwa sababu hati yake ya mshahara niliiskani mimi. Deni la shahada ya kwanza linakatwa na Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Tunashukuru kwamba tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, maana wengine deni lilikuwa halionekani kupungua. Juu ya makato hayo kuna mkopo wa benki alioulipia ada ya uzamili. Utaratibu wa utumishi unataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake, naye ameshaigusa. Hakuna benki itakayompa tena.

Ninachoomba si kitu kigeni. Bodi yetu yenyewe, inapomkopesha mwanafunzi wa shahada ya kwanza, inahesabu chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo na gharama za utafiti. Utafiti umo kwenye orodha! Iweje mwanafunzi wa uzamili, ambaye bila tasnifu hapati shahada, awe ndiye wa kujitafutia? Kama bajeti ya kuwakopesha wote ada haipo, basi Bodi ifungue mkopo mdogo wa utafiti peke yake, upewe mtu aliyefaulu masomo ya darasani na ambaye andiko lake limepitishwa na chuo. Huyo ameshathibitisha kwamba hachezi.

Wafadhili wa nje wameliona hili zamani. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola unaopeleka watu Uingereza hulipa ada, nauli na posho ya kujikimu, na huchangia pia gharama za kuandaa tasnifu inapohitajika. DAAD ya Ujerumani, kwa wanaosoma hapa hapa Afrika, huweka posho ya masomo na utafiti. Marekani vyuo vingi humpa mwanafunzi kazi ya kufundisha madarasa ya chini au kusaidia mradi wa profesa, naye husamehewa ada na kulipwa posho ya mwezi, na mara nyingi data ya mradi ule ndiyo inayozaa tasnifu yake. Kwa hiyo nawaambia wateja wangu: kabla hujachagua chuo, hata cha hapa nchini, uliza ni mhadhiri yupi ana mradi wenye fedha katika jambo unalotaka kulisoma. Swali hilo halina gharama, na bado wengi hawaliulizi.

Hapa nyumbani upo pia Mfuko wa Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere ulioanzishwa na Benki Kuu mwaka 2009, unaofadhili hata uzamili kwa wenye ufaulu wa juu katika fani kama sayansi, hisabati, uchumi na fedha. Ni mzuri, ila ni wa wachache.

Fadhili nyingine zina masharti yanayotaka mtu ajiandae mapema, na huku kwetu taarifa hufika zimechelewa. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inataka miaka 2 ya uzoefu wa kazi na uahidi kurudi nchini kwako kwa miaka 2. Huo na wa Jumuiya ya Madola kwa kawaida hupokea maombi kati ya Agosti na Novemba, kwa masomo yanayoanza Septemba ya mwaka unaofuata. DAAD hiyo niliyoitaja inataka shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka 6, na mwalimu aliyepangiwa Kakonko akitulia, akajenga, akasomesha wadogo zake, ile 6 imeshampita. Inaniuma kumwambia mtu wa namna hiyo sharti hilo wakati ameshakaa kwenye kiti na vyeti vyake mkononi. Zaidi ya hapo wapo madalali wanaodai hela ili wakuombee, ilhali kuomba Chevening ni bure. Mhariri, gazeti lako likitenga kona ndogo kila Agosti ya kutaja madirisha yaliyofunguliwa na masharti yake, litakuwa limewaokoa wengi.

Nimalizie kwa halmashauri zetu za mwambao. Tunajengewa kampasi ya MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, hapa Kigoma, na kampasi itahitaji walimu wenye uzamili na uzamivu, wengine nawaombea wawe watoto wa hapa. Ushuru wa samaki mnaukusanya kila siku mialoni. Tengeni fungu, hata la wanafunzi wawili au watatu kwa mwaka, la kulipia utafiti unaohusu ziwa, mawese, kilimo au afya za watu wa mkoa huu, kwa masharti kwamba nakala ya tasnifu ibaki halmashauri na matokeo yasomwe mbele ya madiwani. Mizani, barafu na mafuta ya boti ni vitu ambavyo idara ya uvuvi inavinunua na bei zake inazijua. Yule kijana andiko lake lenye mialo yote, kabla hatujaanza kufuta, bado ninalo kwenye kompyuta, na akiniruhusu nitalichapa bure siku yoyote mtakayolihitaji.

Mwenye steshenari,
Mwanga, Kigoma