Timu za Nairobi zinataka kwao

Mhariri,

Nimechoka kusikia eti watu wa Nairobi hatupendi mpira wa nyumbani, eti sisi ni Arsenal na Man U tu, kila Jumatatu kazini ni hiyo stori na redioni ni hiyo hiyo. Mimi ni Ingwe damu, yaani AFC Leopards, nimelelewa kwenye nyumba ya Ingwe, na nasema si kweli. Agosti 2025 kwenye CHAN, lile kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, uwanja wa Kasarani ulijaa, watu walikuwa wanatafuta tiketi mpaka wanakosa, timu yetu ya taifa Harambee Stars ikapiga Morocco moja bila na mji mzima ukakesha, hata tulipotolewa na Madagascar kwa penalti kwenye robo fainali watu walibaki wamesimama wanapigia vijana makofi. Hao watu hawakuletwa na ndege. Walitoka Kayole, Kibra, Kawangware, Umoja huku kwetu, na ni walewale mnaosema hawapendi mpira.

Shida ni kwamba timu zetu hazina kwao. Gor Mahia ilizaliwa 1968, AFC Leopards 1964 ikiitwa Abaluhya United, ndizo timu zenye watu wengi zaidi nchi hii na mpaka leo hakuna hata moja yenye uwanja wake. Wiki hii mko uwanja wa Nyayo, wiki ijayo Machakos, Nyayo ikifungwa kwa ukarabati au kwa mkutano mnapelekwa Kisumu au Kakamega halafu bado mnaitwa timu ya nyumbani. Sasa mtu wa Umoja mwenye watoto wawili apande gari mpaka Machakos, alipe nauli kwenda na kurudi, tiketi, chakula, na ratiba yenyewe imebadilishwa Ijumaa jioni kwa mechi ya Jumapili? Haendi. Anaingia kwenye kibanda cha mpira hapo nyuma ya ploti anaangalia Uingereza, kwa sababu Uingereza saa haibadiliki na uwanja hauhami.

Wale wa zamani wanaujua uwanja wa City. Iko pale Jogoo Road, unashuka Muthurwa unatembea dakika chache tu, na kabla hujafika getini unasikia ngoma za isukuti, unajua vijana wa Ingwe wameshafika, na upande ule mwingine watu wa K'Ogalo, yaani Gor Mahia, wamevaa kijani wanaimba mpaka barabara inasimama. Mama wa njugu anakujua. Mzee aliyekaa safu ya mbele anakupa lineup kabla kocha hajaitoa. Ulikuwa huhitaji kuuliza mechi iko wapi, unaenda tu City. Leo uwanja huo unaitwa Joe Kadenge, yule nyota wa mpira wa zamani, na jina ni zuri sana, yule mzee alistahili, alifariki Julai 7, 2019, siku ileile Kariobangi Sharks walipowashinda Everton ya Uingereza kwa penalti Kasarani (nayo hiyo ni timu ya mtaa ya Nairobi, msisahau). Lakini jina bila mechi kubwa kila wikendi halimheshimu mzee vya kutosha.

Angalieni raga. Mtu akikuambia Jumamosi anaenda kuona timu ya Quins unajua ni uwanja wa RFUEA, Ngong Road, basi, huulizi swali la pili. Kwenye mpira, Tusker nao wana uwanja wa Ruaraka, mashabiki wao si wengi kama sisi lakini wanajua mlango ni upi, na sidhani ni bahati tu kwamba wamebeba ligi 2021 na 2022 huku sisi kombe la ligi la mwisho likiwa la 1998. Mwaka 1998! Kuna kijana ana watoto na hajawahi kuona Ingwe ikiwa bingwa. Sisemi uwanja peke yake ungetupa kombe, uongozi nao una mambo yake mengi, ila timu isiyojua itafanya mazoezi wapi na italipwa getini kiasi gani itasajili nani?

Na Gor, ingawa ni wapinzani wetu, tunawaita mashemeji, na siku ya debi sitaki hata kuwaona, 1987 waliletea mji huu Kombe la Washindi la Afrika mbele ya Esperance ya Tunisia, sare mbili, 2-2 kule na 1-1 hapa Nairobi, wakabeba kwa mabao ya ugenini. Hiyo timu mpaka leo inapanga uwanja kama mtu anayekodi hema la harusi. Inaniuma hata kama si timu yangu.

Ombi langu kwa kaunti na kwa wanaosimamia ligi ni dogo. City ipewe nyasi nzuri na taa, Ingwe na Gor wapewe pale kwa mkataba wa miaka, Jumapili hii mmoja na inayofuata mwingine, na ratiba itoke mwezi mmoja mapema isiguswe. Pesa za getini zihesabiwe mbele ya mashabiki. Halafu vyoo jamani, vya kina mama vyenye maji na mlango unaofunga, maana dada yangu ni Ingwe kunishinda na ameacha kuja uwanjani kwa sababu ya vyoo tu.

Shabiki wa Ingwe,
Umoja, Nairobi