Barua ya Wazi kwa Msimamizi wa Barabara Kuu: Tupeni Ukingo wa Kupishia

Mheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia mimi dereva wa trekta kutoka Njoro, ambaye kila mwaka kabla ya mvua za Machi hupanda barabara ya Nakuru kwenda Eldoret kulima mashamba ya Uasin Gishu. Wiki jana jioni, kati ya Mau Summit na Timboroa, ukungu ukiwa umetanda, lori liliigonga plau yangu kutoka nyuma, likaikunja sahani ya mwisho, kisha likaenda zake. Askari aliyefika aliniuliza kwa nini sikupisha.

Ningepisha wapi, Mheshimiwa? Mahali hapo lami imeliwa pembeni hadi pakabaki kipandio kirefu, na chini yake ni mtaro. Plau ikiinuliwa nyuma, magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani hautii sawasawa. Ukiteremsha gurudumu moja kwenye kipandio hicho, trekta hulala ubavu. Pedali mbili za breki nilikuwa nimezifunga pamoja, kama inavyotakiwa barabarani, ili trekta lisivutwe upande mmoja, na taa ya njano ilikuwa ikimulika. Lakini mwendo wangu ni kama kilomita 25 kwa saa, na malori yanayoelekea Malaba hayana subira. Wanaotuambia tubebe matrekta kwa trela hawajui kwamba gharama ya kukodi trela humeza malipo ya ekari nyingi.

Mwaka jana ulisimama barazani ukatuahidi kwamba kingo zitajazwa na sehemu za kupishia zitajengwa kwenye miinuko kabla ya msimu wa kulima. Tulikupigia makofi. Msimu umefika, na nilichokiona ni vigingi vilivyopakwa rangi nyeupe, vingine vimeshang'olewa. Huenda mnangoja upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit uliozinduliwa Novemba 2025. Lakini kazi hiyo inaishia Mau Summit, nami niligongwa mbele ya hapo.

Ninaomba ukingo, Mheshimiwa. Sahani ya plau nitainunua mwenyewe. Jazeni kifusi kwenye kipandio hicho na mkishindilie, kutoka Mau Summit hadi Timboroa, kabla wenye mashamba hawajaanza kutuita kwa wingi. Ni ukingo tu tunaoomba, na safari hii tunaomba jibu lenye tarehe.

Wako mwaminifu,
Dereva wa trekta, Njoro