Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama, makamanda wastaafu, wajane wa wenzetu, na nyinyi vijana mliojiunga mwaka huu,

Katiba ya chama chetu, chama cha maofisa waliopita chuo cha Jeshi cha Monduli, inanitaka niwasilishe taarifa ya mwaka kabla ya Mkutano Mkuu. Hesabu zilizokaguliwa atazisoma Mweka Hazina mwenyewe, na mihtasari ya vikao anayo Katibu kwa yeyote anayetaka kuipitia. Mimi nitakaa zaidi kwenye hafla ya hisani ya Novemba, maana ndiko zilikotoka fedha nyingi za mfuko wetu wa hisani, na ndiko yalikoibuka mambo mawili ambayo Mkutano Mkuu lazima uyatolee uamuzi.

Mwaka 2024 ulichanganya sherehe na misiba. Tarehe 1 Septemba Jeshi letu lilitimiza miaka 60 tangu lilipoundwa mwaka 1964, na wengi wenu niliwaona mkiwa na nyuso za ujana siku hiyo. Februari Monduli ilimzika Edward Lowassa, mbunge wake wa miaka mingi. Kisha tarehe 29 Oktoba Jenerali David Musuguri, Mkuu wa Majeshi wa zamani, alitutoka, Mwanza, akiwa na umri wa miaka 104, akazikwa kwao Butiama. Hafla yetu ilikuwa imekwishapangwa, kadi zimekwishagawiwa. Baadhi yenu mlinipigia mkitaka tuiahirishe. Kamati ilikaa, ikaona iendelee, ila bendi ya dansi iondolewe na mzungumzaji aombwe abadili mada. Naamini tulifanya vyema, ingawa wapo ambao hadi leo wananinunia kwa ajili ya ile bendi.

Mzungumzaji wetu mnamjua. Ameomba jina lake lisiandikwe kwenye karatasi zinazosambazwa, nami naheshimu ombi hilo. Itoshe kusema ni brigedia jenerali mstaafu ambaye mwaka 1979 alikuwa luteni kijana katika ardhi ya Uganda. Tulikuwa tumemwomba azungumzie ulinzi wa amani. Badala yake alituzungumzia mapigano ya Lukaya, katika Vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin.

Wengi tuliifundishwa Lukaya darasani, kwa mishale ya rangi kwenye ramani. Yeye aliieleza kwa matope. Masaka ilikwisha kuangukia mikononi mwetu, na barabara ya kwenda Kampala ilibidi ipite katikati ya kinamasi, hakuna pa kutawanyikia kulia wala kushoto. Jioni ya tarehe 10 Machi Brigedi ya 201 ya Imran Kombe, ambayo sehemu kubwa yake walikuwa mgambo ambao hawajawahi kusikia mlio wa vita, ilikutana na Walibya waliokuja kumsaidia Amin, wenye vifaru na maroketi ya Katyusha. Brigedi ikavunjika. Watu walikimbilia gizani majini. Musuguri, akiwa kamanda wa Divisheni ya 20, aliiamuru Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa, ambayo ilikuwa imekwisha kusonga mbali kaskazini, igeuke na kuzunguka hadi kwenye barabara nyuma ya adui. Alfajiri ya tarehe 11 mashambulizi yakaja kutoka pande mbili. Walibya wapatao 200 waliuawa, na njia ya Kampala ikafunguka. Kampala yenyewe ilianguka tarehe 11 Aprili.

Alichokisisitiza ni kwamba watu walewale waliotawanyika usiku ndio waliokusanywa upya na kurudi kushambulia kutoka mbele kulipopambazuka. Mgambo. Wakulima, makarani, walimu wa shule za msingi, waliopewa bunduki miezi michache kabla. Halafu akatuchokoza kidogo, akatukumbusha kwamba Musuguri hakupita Monduli. Aliingia King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza, mwaka 1942 kama askari wa kawaida, akapelekwa hadi Madagaska, na akapanda ngazi moja moja mpaka akawa Mkuu wa Majeshi kuanzia mwaka 1980 hadi 1988. Ukumbi ulicheka, lakini kicheko cha watu wanaojua wamepigwa.

Kipindi cha maswali, binti wa mwenzetu mmoja, mwanafunzi wa chuo, alisimama akauliza: wale mgambo waliopoteza miguu walipata nini? Afande alinyamaza, akanywa maji, kisha akasema swali hilo aulizwe Mwenyekiti, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mfuko. Basi nikasimama nikajibu, na jibu lenyewe ningependa liingie kwenye taarifa hii, kwa sababu hata ndani ya chama chetu kuna watu hawalijui.

Mfuko wetu wa hisani unalipia viungo bandia, miguu hasa, kwa wastaafu wa vyeo vyote, kwa mgambo wa zamani, na kwa raia wa vijiji vinavyotuzunguka. Hatuulizi cheo. Tunawapeleka Moshi, hospitali ya KCMC, ambako tangu mwaka 1981 kuna chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kurekebisha viungo, TATCOT, kinachofundisha vijana wa nchi nyingi za Afrika. Wanaochangia kwa mara ya kwanza huwa wanadhani mguu unanunuliwa mara moja, basi. Sivyo. Kigutu kinasinyaa miezi ya mwanzo baada ya kukatwa, na kikisinyaa, kikombe cha mguu, pale kigutu kinapoingia, hakishiki tena, kinachubua ngozi, na mtu anarudi kwenye magongo. Kikombe kinabadilishwa, unyayo unachakaa na kubadilishwa. Mtoto ndiyo kabisa, kila anaporefuka anahitaji mguu mpya. Kwa hiyo tukimpokea mtu mmoja tumejifunga naye kwa maisha yake yote. Fedha ya mfuko huu inatakiwa iingie kila mwaka, na iingie kweli.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye mnada.

Dalali wetu alikuwa mke wa mwenzetu, mama aliyelelewa kwenye minada ya baada ya ibada huko Meru, ile ya kuuza mkungu wa ndizi na trei ya mayai nje ya kanisa. Nimehudhuria minada mingi, sijaona mtu wa kumfikia. Mbuzi mmoja aliuzwa, mnunuzi akasema arudi mezani, akauzwa tena, akarudi tena, mpaka yule mnyama akaanza kulalamika kuliko wanachama. Keki nayo ilizunguka hivyohivyo, ikaishia mikononi mwa wajane wa wenzetu, na hilo lilipigiwa makofi kuliko hotuba yangu. Seti ya sataranji ya mpingo, shanga za akina mama wa Kimaasai wa Monduli Juu, gunia la kahawa: vyote vilipata wenyewe. Kanuni ilikuwa moja, kitu hakitoki ukumbini mpaka fedha ionekane, taslimu au kwa simu. Matokeo yake ni kwamba kila shilingi ya mnada iko benki.

Kuna kitu kimoja tulikikataa mlangoni, na aliyekileta hajatusamehe. Alikuja na kombati yake ya vita vya Kagera, imefuliwa na kupigwa pasi, na juu yake nishani. Alitaka viuzwe kwa ajili ya mfuko. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Lakini nawakumbusha kwamba Agosti 2023 Jeshi lilitoa siku saba kwa raia wote wenye sare za Jeshi, au mavazi yanayofanana nazo, wayasalimishe. Sisi tulioishi ndani ya sare hizo hatuwezi kuwa wa kwanza kuziuza kwenye meza ya chakula, hata kwa ajili ya miguu ya wenzetu. Aliyeinunua angekwenda nayo wapi? Angeivaa kwenye harusi? Nishani nayo hupewa mtu kwa alichokifanya yeye, na mnunuzi hakukifanya. Tuliishia kuiweka nishani hiyo kwenye meza peke yake, na kikaratasi kinachoeleza ilipatikana wapi, na usiku ule watu walipanga foleni kuitazama. Mwenyewe aliondoka nayo. Pendekezo la kwanza la Kamati kwa Mkutano Mkuu ni kwamba kanuni hii iandikwe: sare, nishani na vifaa vya Jeshi havipokelewi kwa mnada, visichukuliwe hata kwa maonyesho bila ridhaa ya Kamati.

Jambo la pili ni ahadi, na hapa nitasema bila kuzunguka.

Baada ya mnada tulifungua harambee. Kipaza sauti kikapita meza kwa meza. Mnajua kinachotokea. Kapteni anaahidi. Meja hawezi kuahidi chini ya kapteni. Kanali hawezi kukaa chini ya meja aliyekuwa msaidizi wake, tena mbele ya mkewe. Hadi kipaza sauti kinafika meza ya mbele, tumekuwa matajiri. Mshereheshaji alitangaza jumla kubwa sana, watu wakasimama kushangilia, na picha ya ubao ule ikasambaa kwenye simu zenu kabla hatujafika nyumbani. Mpaka ninapoandika, mwishoni mwa Februari, zilizolipwa hazifiki nusu ya zilizoahidiwa. Baadhi ya waliokuwa juu ya orodha hawapokei simu ya Mweka Hazina. Mmoja alimwambia alidhani ile ilikuwa furaha tu ya jioni.

Sitaji majina, na nimemzuia Mweka Hazina asiyabandike, ingawa alikuwa ameshaandaa orodha. Kumdhalilisha mstaafu kwa deni la hisani hakumsaidii mtu aliye kwenye magongo. Lakini kuna familia tulizozipa tarehe ya kwenda Moshi kwa kutegemea ubao ule, na mimi ndiye niliyelazimika kuzipigia tena na kuwaambia wasubiri. Msinirudishe hapo.

Kwa hiyo Kamati inapendekeza harambee ya ahadi ifutwe. Kuanzia hafla ijayo itangazwe fedha iliyoingia peke yake, na anayetaka kuchangia kidogo kidogo ajaze fomu ya makato ya kila mwezi, kiasi anachokiweza, hata kama ni cha soda mbili. Tumelinganisha: wale wachache waliojaza fomu hizo mwaka uliopita hawajakosa hata mwezi mmoja, na wengi wao si maofisa wa vyeo vya juu. Najua mtasema usiku bila ahadi utapoa. Acheni upoe.

Kuhusu gharama, ukumbi wa hoteli ya Arusha ulimeza sehemu kubwa ya tiketi. Chakula kilikuwa kizuri, sikatai, lakini tulikuwa tunakula fedha ya mfuko kwa uma na kisu. Napendekeza mwakani turudi Monduli wenyewe, uwanja wazi, mahema, nyama choma ya wafugaji wa pale, na mchana badala ya usiku ili wazee wasiendeshe gizani. Kwa kutumia eneo lolote la Chuo lazima tuombe kibali, na barua ya maombi iko tayari, inasubiri mkutano uidhinishe.

Mengine kwa kifupi. Ada zinalipwa vizuri kuliko mwaka juzi, hasa tangu tulipoanza kupokea kwa simu. Siku ya Mashujaa, 25 Julai, tulituma wawakilishi Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wa Kagera, na naomba safari hiyo iwe ya kila mwaka. Ushauri wa kuleta wagombea au viongozi wa vyama vya siasa kuwa wageni rasmi umejirudia tena, na jibu ni lilelile. Wanachama wenzetu walio kazini wanabanwa na Ibara ya 147 ya Katiba ya nchi, inayokataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa, na sisi wastaafu tusiwaweke meza moja na kampeni za mtu. Anayetaka siasa ana njia zake halali nje ya chama hiki. Rais mstaafu Kikwete mwenyewe alipita Monduli kama mwanafunzi na baadaye kamisaa wa siasa, na vyama vingi vilipokuja mwaka 1992 alivua sare ndipo akaendelea na siasa.

Namshukuru Katibu, Mweka Hazina ambaye mwaka huu amepata mvi zaidi ya umri wake, na mama dalali, ambaye ameshakubali kurudi kwa sharti kwamba mwakani mbuzi wawe wawili. Nafasi ya Mweka Hazina Msaidizi iko wazi. Majina ya wanaopendekezwa yamfikie Katibu wiki mbili kabla ya Mkutano Mkuu, yakiwa na saini ya anayependekeza na ya anayependekezwa.