"Sina swali mheshimiwa"

Mhariri, salaam kutoka Tanga.

Naomba nafasi kidogo nimjibu yule msomaji aliyesema mwizi wa kisu apewe tu miaka yake 30 na kumtafutia wakili ni kumbembeleza jambazi. Ndugu yangu, mimi nilishaporwa simu huku Ngamiani, Barabara ya 12, saa mbili usiku, panga nililiona kwa macho yangu, kwahiyo uchungu naujua. Sasa sikia ya mtoto wa dada yangu.

Dogo alikamatwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Kosa halina dhamana, na ukitiwa hatiani ni miaka 30 kwenda mbele, iwe umepora kitochi au milioni ishirini, hakimu hana pa kushuka. Wakili wa kukodi hatukumweza, mama yake anauza mihogo pale Makorora, hata nauli ya mahakamani ni ya kuungaunga. Nikawa naenda mimi nakaa benchi la nyuma.

Siku ya shahidi wa kwanza, dereva bodaboda, kasema alikabwa saa tano usiku na alimtambua kijana kwa mwanga wa taa. Basi. Taa ya nguzo, ya dukani, ya pikipiki, hakusema na hakuna aliyemuuliza. Hakimu akageuka, mshtakiwa una swali? Dogo kashika ule ubao wa kizimba kwa mikono miwili, kandambili imekatika kaifunga na waya, akajibu sina swali mheshimiwa. Mi kule nyuma roho inanitoka, ila ukweli hata mimi swali lenyewe sikulijua, nilijua tu kuna kitu kimepita hivi hivi.

Alivyotiwa hatiani akaulizwa ana lolote kabla ya adhabu. Hapo ndo akaongea sasa, mama anaumwa, wadogo zake, kosa la kwanza, analia kabisa. Hakimu simsingizii, alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia sheria haimruhusu kushuka chini ya 30. Yaani maneno yake yote aliyamwaga pale ambapo hayana kazi, na pale penye kazi alisema sina swali. Hichi ndo watu hawakioni kwenye adhabu za kima cha chini: kuomba huruma kunasaidia kama hakimu anaweza kuchagua, akupe miwili au mitano, huku hakuna kuchagua, kwahiyo kesi nzima iko kwenye kumhoji shahidi, na hiyo ni kazi ya mtu aliyeisomea.

Gerezani kuna mzee mfungwa anawaandikia wenzie rufaa, ndo aliyemkimbiza na notisi ya kukata rufaa ndani ya zile siku 10 za kisheria, na ndo aliyemwambia habari ya kesi ya mtu aliyeitwa Waziri Amani. Mahakama ya Rufani ilishasema tangu 1980 kwamba ushahidi wa kumtambua mtu usiku lazima uonyeshe alionekana kwa muda gani, umbali gani, mwanga wa namna gani, na kama shahidi alikuwa anamjua kabla. 1980! Mahakama Kuu ikamuachia kwa hiyo hiyo taa, kashakaa ndani miaka minne.

Wa mauaji akifika Mahakama Kuu serikali inampa wakili. Huyu wa miaka 30 kwenye mahakama ya wilaya anapambana mwenyewe. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamruhusu hakimu kuagiza mshtakiwa asiye na uwezo apatiwe wakili akiona haki inadai hivyo, lakini mshtakiwa mwenyewe hajui hata kama ni kitu cha kuomba. Mi nataka isisubiri kuombwa. Kosa lolote ambalo adhabu yake inaanzia miaka 20, na baadhi ya kesi za nyara za serikali, yaani za kukutwa na vitu vya wanyamapori, zimo humo, watu wa karibu na hifadhi ya Saadani wanazijua, siku ya kwanza shtaka likisomwa, wakili awe keshapatikana. Wasaidizi wa kisheria wa mitaani wanajitahidi sana ila kusimama mahakamani kukutetea hawaruhusiwi.

Na yule dereva, pikipiki yake haijaonekana mpaka leo. Aliyemkaba hakuna aliyemtafuta miaka yote minne, maana faili lilishapata mtu.

Mjomba wa kijana,
Makorora, Tanga