Walinzi waliomo mapafuni nao waandikwe

Ndugu Mhariri,

Kila homa ya mafua inapozagaa, kurasa za afya hujaa habari za chanjo na dawa. Ni sawa kabisa. Ninachosikitikia ni kwamba hatusomi lolote kuhusu protini zinazokabiliana na virusi mapafuni siku kadhaa kabla mwili haujatengeneza kingamwili zake.

Vifuko vya hewa vina utando mwembamba wa majimaji unaovizuia visisinyae. Humo zimo protini mbili, A na D, ambazo hazihitaji kuwa zimewahi kukutana na kirusi hicho. Protini D hunasa sukari zilizo juu ya virusi vya influenza, ikavikusanya mabonge mabonge, na seli za ulinzi zikavimeza kwa urahisi. Seli zilizoambukizwa nazo hutoa interferoni, iliyogunduliwa London mwaka 1957, ambayo huzitahadharisha seli jirani zijikinge.

Uvutaji wa sigara hupunguza protini A na D mapafuni. Kwa maoni yangu, hilo lingestahili kuandikwa kwenye kila pakiti! Naomba waandishi wenu wa afya walieleze kwa kina.

Msomaji wenu wa siku nyingi