Bei ya mafuta inatupunguzia wachezaji

Mhariri,

Sisi wachezaji wa timu za veterani Dar es Salaam hatulipwi, tunachanga wenyewe. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo za mafuta, mweka hazina wetu anapiga hesabu upya. Kukodi Coaster kwenda bonanza Morogoro, karibu kilomita 190, kunameza mchango wote, hata maji na barafu tunakosa. Wanaoumia zaidi ni wenzetu wa Chanika, pembezoni mwa jiji: nauli ya kuunganisha daladala inawashinda, wanabaki nyumbani na presha zao. Naziomba manispaa zilinde viwanja vya wazi vya mitaani, mtu aweze kwenda mazoezini kwa miguu.

Mchezaji wa ridhaa,
Temeke, Dar es Salaam