Mliipiga polishi tromboni ya mzee wangu bila kuniuliza

Kwa Bwana Meneja, mauzo ya ala za mitumba,

Salamu kwanza. Najua mwapata malalamiko mengi na yule kijana wenu wa kaunta ashaniambia mara tatu kwamba hii kesi yangu imefungwa, lakini mimi sijaifunga, na nimepiga simu mpaka nimechoka kuwekwa kwenye laini nisikilize muziki, kwa hivyo naandika kila kitu mahali pamoja ili asije mtu akasema hakuelezwa.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi wa tano niliwaletea tromboni, ile tarumbeta ya bomba la kuvuta, ya marehemu baba yangu mniuzie kwa kamisheni. Ni King 2B, King ikiwa chapa ya kiwanda cha H.N. White cha Marekani, kwenye ule mdomo mpana wa mbele imechongwa jina la kampuni na chini yake Cleveland, Ohio. Tukakubaliana iuzwe 120,000, nyinyi mchukue asilimia 15 yenu, mimi nibaki na 102,000. Fomu ninayo na sahihi yenu iko. Pale kwenye mstari wa hali ya kifaa nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe, iuzwe kama ilivyo, isiguswe. Dada aliyenipokea akaisoma kwa sauti na akaipiga muhuri. Sasa naomba mniambie hilo neno isiguswe nyinyi mwalielewa vipi.

Maana wiki tano baadaye napigiwa simu kwamba mteja amejitoa, nije ofisini tuongee bei mpya. Nikavuka feri asubuhi na mapema nikafika kabla hamjafungua, nikasimama hapo nje nikiwaza labda mteja kaishiwa pesa, mambo ya kawaida. Kijana akanitolea tromboni kwenye sanduku na wallahi kwa sekunde kadhaa sikuijua, nilidhani kachukua ya mtu mwengine. Yang'ara kama sufuria imetoka dukani leo. Yeye yuatabasamu, aniambia tumekusafishia boss. Nikapitisha kidole gumba pale kwenye nakshi, mahali ambapo toka nikiwa mtoto nikipitisha kidole nasikia zile kingo za maandishi, na kidole kikateleza tu. Herufi za mwanzo za Cleveland utaziona ukiinamisha kwenye mwanga, zile za mwisho hakuna kitu. Maua yaliyochongwa pembeni yamebaki kama kivuli.

Nataka muelewe kwa nini hilo neno lina uzito, kwa sababu kijana wenu aliniambia eti ni jina la mji tu. Kiwanda cha H.N. White kilianzia Cleveland mwaka 1893, na katikati ya miaka ya 60 kikahamishiwa Eastlake, pale pale Ohio. Mtu anayetafuta King za zamani kitu cha kwanza anachosoma ni Cleveland, baada ya hapo ndo anaangalia namba ya seriali ajue ni ya miaka gani, halafu anaangalia vanishi kama ni ile ya kiwandani, halafu slaidi, yaani lile bomba la kuvuta. Anazisoma hizo alama kama vile nyinyi mnavyosoma logibuku ya gari kabla hamjanunua. Mlichofanya ni kuchukua logibuku mkaifua kwa sabuni.

Na haikuwa chafu! Hili ndo laniuma zaidi. Mzee aliinunua mwaka 1983 kwa baharia Mmarekani meli yao ilipotia nanga Kilindini, na kwa zaidi ya miaka thelathini alipiga nayo kwenye harusi za mji huu, Likoni, Majengo, Kisauni mpaka Mtwapa, na akirudi hata iwe saa tisa za usiku halali kabla hajapitisha maji baridi ndani ya mabomba yote na kuifuta kwa leso. Alikuwa atuambia hewa ya chumvi hii hula shaba kama mchwa. Kwa hivyo lile doa la kahawia mliloliona upande wa kushoto, pale mkono unaposhika, halikuwa uchafu. Ni vanishi imeliwa na jasho la kiganja chake miaka yote hiyo, shaba ya chini ikakamata rangi. Ungeweza kuona kabisa kidole gumba kilikaa wapi na vidole viwili vilikaa wapi. Mimi nikiishika mkono wangu unaingia kwenye mkono wake. Sasa pale pamepigwa vanishi mpya na hakuna mkono wa mtu yeyote.

Fundi wenu aliniambia kwa simu kwamba ilikuwa imeanza kuoza ndo akaiokoa. Bwana meneja, mimi si fundi lakini nimekulia kwenye hii kazi, na shaba iliyooza naijua. Shaba ya tromboni ni mchanganyiko wa kopa, yaani shaba nyekundu, na zinki, ikioza zinki ndo inatoka, inabaki kopa tupu, na utaona vidoa vya rangi ya waridi, mara nyingi vina nukta nyeusi katikati, na vyatokea sana kwenye bomba la slaidi karibu na pale unapopulizia kwa sababu mate ndo yanakaa hapo. Rangi ya kahawia iliyotandaa ni kitu chengine kabisa, ni ngozi ya shaba, haina madhara. Picha nilizopiga kabla sijawapa ninazo ishirini na mbili na hakuna hata kidoa kimoja cha waridi. Na hata kingekuwepo, kupiga mashine juu hakuponyi kitu kinacholiwa kutoka ndani, kwanza kunazidi kupunguza shaba.

Maana gurudumu la polishi halisafishi, linakata. Ule mdomo wa mbele unene wake ni kama nusu milimita hivi, ndo maana ukiugonga kwa kucha unalia. Kila ukipitisha mashine waondoka na kidogo, na kikishaondoka hakirudi, hakuna fundi Mombasa wala Marekani wa kukirudisha. Tena mashine yapata moto, na mojawapo ya zile tanda ndogo zilizochomewa kushikilia mabomba imeachia, ukipiga noti ya chini inatetema. Haikuwa inatetema. Niliipiga mbele ya yule dada siku naileta na wateja wenu wawili waligeuka kuangalia.

Slaidi nayo. Hapa nitaandika kwa kirefu kidogo mnisamehe, kwa sababu tromboni ni slaidi, hayo mengine yote ni bomba. 2B ni tromboni nyembamba, tundu la bomba la kwanza ni inchi 0.481 na la pili 0.491, si kama zile Bach 42 za orkestra zenye 0.547, na wapigaji waipendea wepesi wake. Mabomba ya ndani na ya nje hayagusani kote, yanagusana kule mwishoni tu ambako ya ndani yamenenepa kidogo, na nafasi iliyobaki ni ndogo mno, chembe moja ya mchanga yatosha kuikwaruza. Mzee alikuwa na jaribio lake. Anaisimamisha wima, anafungua lachi, anaiachia ya nje ishuke yenyewe huku mkono mwengine unangoja chini, na ilikuwa inashuka kimya, polepole, kama ndoo inashushwa kisimani na mtu asiye na haraka. Nililifanya jaribio hilo kaunta kwenu mwezi wa tano. Nimelifanya tena juzi. Inashuka mpaka kama pozisheni ya tatu, yaani kituo cha tatu cha kuvutia slaidi, inakwama, inasukumwa, inapita ya tano ndo inaanguka. Na ndani nilipoivuta vidole vyangu vilitoka na grisi nzito nyeusi, ile ya beringi za gari. Slaidi ya tromboni haitiwi grisi ya gari jamani! Yapakwa krimu yake kidogo sana kama unavyopaka mafuta mtoto mchanga kisha unairashia maji, basi. Mtu anayefanya biashara ya kununua na kuuza hizi ala kila siku hili si la kuambiwa na mteja.

Sitaki kuwasingizia kwamba hamjui kitu chochote. Ile tromboni ya Yamaha YSL-354 ya mtumba mliyoniwekea akiba niliijaribu na ni nzima, slaidi safi, bei yenu ya 48,000 ni ya haki nikilinganisha na nilizoziona kwengine. Na hiyo ndo ilikuwa hesabu yangu yote. Mzee kabla hajafariki alisema hii isije ikatundikwa ukutani ikawa pambo, iuzwe kwa mtu anayeijua thamani yake na pesa zinunuliwe mbili za kufundishia wale vijana wa kikundi, kwa sababu sasa hivi wako saba na tromboni ni moja, wanapokezana, mmoja akipiga sita wanahesabu vidole hewani. 102,000 ilikuwa yatosha Yamaha mbili na chenji ya krimu na nauli. Mombasa hii ni mji wa beni, zile ngoma za bendi za mashindano, mwanzoni mwa karne ya 20 vikundi vya Kingi na Scotchi vilikuwa vishaanza kushindana mabarabarani na ngoma zao na tarumbeta zao, na mimi sitaki wakati wangu ndo tarumbeta za harusi zigeuke kuwa spika ya bluutuuth juu ya probox.

Sasa bei yenu mpya. Mwaniambia kwa hali yake ya sasa yaweza kwenda 45,000. Hali yake ya sasa nani kaileta? Halafu mwakata asilimia 15 yenu, 6,750, halafu nikaonyeshwa karatasi nyengine ya gharama ya polishi na vanishi 8,500. Nibaki na 29,750. Yaani nilipe fundi aliyeniharibia. Hiyo karatasi sikuitia sahihi na sitaitia.

Na kuna jambo moja nadhani wewe meneja hata hujaambiwa. Tangazo lenu mpaka jana usiku lilikuwa bado lina picha zangu za zamani, nakshi yaonekana vizuri, doa la mkono laonekana. Yule mnunuzi wa Uingereza aliipendea hizo picha, akaomba apigiwe video kabla hajatuma pesa, alipoiona ilivyo akajitoa, na mimi simlaumu hata kidogo, ningekuwa yeye ningefanya vilevile. Toeni hizo picha leo. Kama kuna mtu mwengine atainunua kwa kuamini hizo picha itakuwa ni udanganyifu, na picha ni zangu, sitaki ziingie humo.

Ninachotaka. Kwanza tromboni nirudishiwe, simuuzii mtu tena kupitia kwenu. Iwekwe kwenye sanduku na isiguswe, na safari hii isiguswe ni isiguswe, asije mtu akajaribu kunyoosha slaidi wala kuchomea ile tanda, nitatafuta fundi mwenyewe. Pili mnilipe tofauti ya bei, 120,000 tuliyokubaliana kwa maandishi kutoa hiyo 45,000 mnayosema nyinyi wenyewe ndo thamani yake ya leo, ni 75,000. Sijaweka hesabu ya uchungu hapo, nimeweka karatasi zenu tu. Kama mwaona ni afadhali mnipe zile Yamaha mbili badala ya pesa, mimi niko tayari kuongea, hata nitaongeza tofauti kidogo kidogo kwa M-Pesa, kwa sababu vijana wana harusi mwezi ujao. Tatu, hiyo gharama ya 8,500 ifutwe na nitumiwe maandishi kwamba imefutwa.

Nawapa siku 14 kuanzia mtakapopokea barua hii. Sipendi kesi na mzee hakupenda, lakini nimeuliza na nimeelezwa kwamba madai ya chini ya shilingi milioni moja yanapelekwa korti ya madai madogo, na huhitaji wakili. Kifungu cha 46 cha Katiba chasema mtumiaji ana haki ya kupata huduma zenye ubora unaostahili na kulipwa fidia akipata hasara kwa kasoro za hizo huduma, na kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 juu yake. Fomu yenye mwandiko wangu na muhuri wenu, picha ishirini na mbili za kabla, picha za baada, na video ya slaidi ikikwama, vyote nimeviweka tayari, nakala naambatanisha na barua hii.

Mkinipigia nitakuja siku hiyohiyo, feri haina tabu ikiwa si saa za jioni. Na nikija nataka sanduku lake pia, lile la kahawia lenye kitambaa cha buluu ndani, kwa sababu juzi mliniletea tromboni kwenye sanduku jipya la plastiki na sikuuliza kwa ule mshtuko. Ndani ya hilo la kahawia kulikuwa na leso ya mama ya rangi ya zambarau imezungushwa kwenye slaidi. Risiti yenu imeandika vyote viwili.

Mteja wenu,
Likoni, Mombasa